Siagi Iliyomo Ndani ya Jina

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni nilipokiona kibao kidogo mbele ya sinia la keki za kahawia, kimeandikwa kwa chaki: kouign-amann. Nikakisoma mara mbili. Kwa Kibretoni, lugha ya watu wa Bretagne huko kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kouign ni keki na amann ni siagi. Keki ya siagi, basi. Na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya bekari ambayo siagi haiingii hata kijiko, wala maziwa, wala yai, wala asali. Kila kinachookwa pale ni cha mimea tupu.

Ni miaka minane sasa tangu niache vyakula vitokanavyo na wanyama. Niliacha kwa ajili ya wanyama wenyewe, na sijawahi kujuta. Lakini kuna kundi moja la vyakula lililokuwa likinisumbua moyoni: vyakula vyenye kwao. Namaanisha vile ambavyo ukivitaja tu umetaja na mahali, vinavyookwa namna fulani kwa sababu ya ng'ombe wa bonde lile, au mizeituni ya mlima ule, au sheria ya kanisa la mji ule. Keki ya kawaida nilijua naweza kuipika bila yai na isijulikane. Chakula chenye kwao niliona ni mlango uliofungwa, na kwamba nikiugonga nitapewa nakala tu, kitu kinachofanana kwa macho.

Tena nilikuwa na jeraha. Mwaka fulani nilinunua taralli, zile pete ndogo ndogo kavu za kusini mwa Italia. Nilizoea za Puglia, zinazokandwa kwa mafuta ya zeituni na mvinyo mweupe. Hizi zilikuwa na lozi juu. Nikamwuliza mwuzaji zina nini, akanijibu haraka haraka: unga, mafuta, lozi, pilipili manga. Nikala nne. Ni wakati wa kukunja mfuko ndipo nikasoma kwa maandishi madogo kwamba ni za mtindo wa Napoli, ambako mafuta yenyewe huwa ni sugna, yaani mafuta ya nguruwe. Yule mwuzaji hakunidanganya. Neno mafuta ndilo lililoficha kila kitu, na katika lugha yetu linaficha vizuri zaidi, kwa kuwa ya mzeituni na ya nguruwe tunayaita hivyo hivyo. Usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo nikiuliza huuliza mara mbili: mafuta ya nini?

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika sikuagiza. Niliuliza.

"Shikamoo mama. Hii kouign-amann, mafuta yake ni ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kakao na mbegu za shea, na tui kidogo. Unaijua ya kwao?"

Nikamwambia naijua kwa kusoma na kwa mara moja nilipoionja zamani, kabla sijaacha. Akaniangalia kidogo, akafuta mikono kwenye aproni. Ilikuwa karibu na saa sita mchana, wateja wa asubuhi wameshaisha. Akasema, "Basi usianze na hiyo. Pita huku kwanza."

Akanipeleka kwenye rafu ya pembeni, ile ambayo mimi nilikuwa nimeipita bila kuitazama kwa sababu haikuwa na kitu cha kung'aa. Focaccia ya Genova, imebonyezwa kwa ncha za vidole, visima vyake vimeshika mafuta ya zeituni na maji ya chumvi. Farinata, pia ya Genova, ambayo ukivuka mpaka kuingia Nice nchini Ufaransa inaitwa socca: unga wa dengu (chickpea), maji, mafuta ya zeituni, chumvi, basi, inamwagwa nyembamba kwenye sinia la shaba na kuchomwa kwa moto mkali mpaka kingo ziungue kidogo. Simit ya Uturuki, pete ya mkate inayochovywa kwenye maji yenye asali ya zabibu kabla ya kugaragazwa kwenye ufuta. (Asali ya zabibu haina nyuki, ni maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito na meusi.) Lagana ya Ugiriki, bapa, yenye ufuta. Na defo dabo ya Ethiopia, mkate mkubwa unaookwa umefungwa kwa majani ya jamii ya migomba, ukitoka na michirizi ya jani mgongoni.

"Hizi sijazifanyia kitu," alisema. "Nimezikuta hivi."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa dukani. Miaka minane nilikuwa nikitafuta matoleo ya mimea ya vyakula vya watu, na kumbe vingine havikuhitaji toleo. Vilikuwa vya mimea tangu siku ya kwanza, na waliovibuni hawakuwa na neno lolote la kuviita isipokuwa mkate.

Vingine ni kwa sababu ya ardhi. Panapoota mzeituni kwenye mteremko wa mawe, ng'ombe wa maziwa hapati malisho, na mwokaji hutumia alicho nacho. Lakini vingine ni kwa sababu ya mfungo, na hapa ndipo moyo wangu ulipofunguka. Lagana huokwa kwa ajili ya Jumatatu Safi, siku ambayo Kwaresima ya Waorthodoksi inaanza, na kuanzia hapo mfungaji haonji nyama, maziwa wala mayai. Waorthodoksi wa Ethiopia wana mfungo wa siku 55 kabla ya Pasaka, ukiongeza na Jumatano na Ijumaa karibu zote za mwaka. Fikiria upishi unaotakiwa kulisha familia nzima, watoto na wazee, kwa siku zote hizo bila tone la maziwa, na mwaka unaofuata tena, na unaofuata. Hao wapishi hawakuwa wakiiga chochote. Walikuwa na ujuzi kamili wa kuoka kwa mimea karne nyingi kabla yangu, na mimi nilikuwa nadhani naanza njia mpya.

Kisa kilichonigusa kuliko vyote ni cha Stollen, ule mkate mzito wa Krismasi wa Ujerumani, wenye zabibu kavu na lozi, uliofunikwa sukari ya unga kama mtoto aliyefungwa nguo nyeupe. Mama yule alikuwa na kipande kimoja kilichobaki, akanikatia. Stollen inaokwa kwa ajili ya Krismasi, na wiki za kabla yake ni Majilio, ambayo zamani yalikuwa majira ya kufunga. Siagi ilikatazwa. Kwa hiyo Stollen ya karne ya 15 huko Saxony ilikuwa ya unga, hamira, maji na mafuta ya mbegu. Ilikuwa ya mimea tupu, na kwa maelezo yote haikuwa tamu. Watawala wa Saxony wakaandika Roma kuomba ruhusa, wakakataliwa, wakaomba tena, na mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akatoa barua ambayo mpaka leo Wajerumani wanaiita Barua ya Siagi: tumieni siagi, lakini mlipe faini, na fedha ziende kwenye ujenzi wa kanisa. Huko Rouen nchini Ufaransa upo mnara mzima wa kanisa kuu unaoitwa Mnara wa Siagi, na husimuliwa kwamba ulijengwa kwa fedha za waliolipia ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima.

Leo Stollen ya Dresden, mji mkuu wa Saxony, inalindwa kisheria, na bila siagi huruhusiwi kuiita kwa jina hilo. Kilichokatazwa kwa amri kimekuwa lazima kwa amri. Mtu akiniambia Stollen ya mimea si ya asili, nitamjibu kwa upole kwamba inategemea amesimama upande gani wa mwaka 1491.

Je, ilikuwa tamu? Nitasema ukweli, kwa sababu kusifia kitu kibaya kwa kuwa tu ni cha mimea kunatuharibia wote. Ilikuwa laini, yenye unyevu, lozi zake zimelowekwa vizuri, na harufu ya ganda la limau ilinijia kabla sijaitia mdomoni. Kilichokosekana ni ule uzito unaobaki ulimini baada ya kumeza. Mafuta ya maji hayagandi, kwa hiyo mkate unakuwa laini lakini hauna mwili ule. Niliwaelewa watu wa Saxony walioandika barua mara ya pili.

Pasty ya Cornwall, andazi la kukunjwa la kusini-magharibi mwa Uingereza, nitaipita haraka. Ilikuwa ya viazi, vitunguu, turnipu ya njano na dengu za kahawia, nzuri, ya kushiba. Kibao chake kiliandikwa pasty tu, bila Cornwall, na ni sawa: tangu 2011 jina la Cornish pasty lina ulinzi wa kijiografia, na moja ya masharti ni nyama ya ng'ombe ndani. Mambo ya majina yanawagusa waokaji wa mimea kuliko mteja anavyojua. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa ya mimea haiwezi kuuzwa kama maziwa, siagi au jibini, isipokuwa majina machache yaliyozoeleka tangu zamani. Katika hili Kiswahili kimebarikiwa. Tui ni tui. Halikuwahi kuomba jina kwa ng'ombe.

Halafu tukafika kwenye mayai.

Kwa mayai nilitaka kujua, kwa sababu ndiyo magumu kweli. Yai ni vitu viwili vyenye kazi tofauti, na kosa la wengi ni kutafuta kibadala kimoja. Ute unashika hewa ukipigwa. Kiini kina mafuta na kile kiungo, lesithini, kinachoyafanya mafuta na maji yakubali kukaa pamoja, na vyote viwili huganda kwa moto. Unga wa mbegu za kitani, kijiko kimoja kikubwa kwa vijiko vitatu vya maji, utashikanisha biskuti vizuri kabisa. Hautainua kitu.

Mama akaniita nyuma ya kaunta. Kwenye meza kulikuwa na sufuria ya dengu zilizochemshwa tangu jana na kulala ndani ya maji yake. Akayachuja yale maji, ya rangi ya chai ya mkandaa, mazito kidogo, yakivutika kama ute ukiyainua kwa kijiko. Akayatia kwenye bakuli la chuma na kuiwasha mashine. Dakika ya kwanza yalikuwa povu la sabuni tu, mapovu makubwa yanayopasuka. Dakika ya tatu yakawa meupe. Akaanza kutia sukari, kijiko kwa kijiko, bila haraka, na sauti ya mashine ikabadilika, ikawa nzito. Kama dakika kumi hivi tangu aanze, akazima, akalichukua bakuli akalipindua juu ya kichwa chake mwenyewe. Halikudondoka kitu. Yale maji ambayo maisha yangu yote nilikuwa nikiyamwaga kwenye sinki yalikuwa yamesimama ndani ya bakuli, meupe pe, yenye vilele vinavyong'aa.

Jambo hili ni la juzi tu. Mwishoni mwa 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji ya maharage na mikunde mingine yanaweza kupigwa yakawa povu kama ute wa yai. Mwaka 2015 Mmarekani Goose Wohlt akapata meringue, lile povu tamu la kuokwa, iliyosimama kwa maji ya dengu na sukari peke yake, akayapa jina aquafaba, maji ya maharage kwa Kilatini. Dengu zinapochemshwa hutoa protini na wanga kwenye maji, na hivyo ndivyo vinavyojenga kuta za mapovu. Waokaji wengi huhesabu vijiko vitatu vikubwa kwa yai moja. Kwa povu lile mama anaoka amaretti, biskuti za lozi za Italia ambazo ute wa yai ndio unaozishika. Nilikula tatu. Zilipasuka juu kama ardhi ya kiangazi, ndani zinanata kidogo, uchungu wa lozi umekaa mahali pake. Hapa sina la kusamehe wala la kukosoa.

Kiini ni habari nyingine. Alikuwa na pastel de nata, vile vikombe vya kastadi vya Ureno ambavyo duka la Belém limekuwa likiviuza tangu 1837. Husimuliwa kwamba vilizaliwa kwenye nyumba za watawa, ambako ute wa mayai ulitumika kupigia nguo wanga, na viini vikabaki vingi bila kazi. Chakula chote, basi, kimesimama juu ya kiini. Yeye anatumia maziwa ya soya, tui, kornflawa, manjano kwa ajili ya rangi, na chembe za chumvi nyeusi ya India juu, ile yenye harufu ya salfa inayokumbusha yai. Kwa macho ungekosea: madoa meusi juu, kikombe cha matabaka kikivunjika kwa sauti. Lakini kiini huganda kwa moto, na wanga husimama ukipoa. Cha moto kilikuwa kinamwagika. Kilichopoa kilikuwa kigumu zaidi ya kinavyotakiwa. Kuna dakika chache katikati ambapo ni kizuri kweli, na akaniambia huwa anawaambia wateja wasubiri robo saa. Nilimwambia mimi ningekiita kikombe cha tui na manjano, nikakila kwa furaha, kuliko kukipa jina la watawa wale. Hakukubali wala hakukataa.

Na hatimaye kouign-amann.

Ya kwao inatoka Douarnenez, mji wa wavuvi, na inasemekana ilizaliwa karibu na 1860. Kipimo kinachotajwa sana ni cha kushangaza: kwa uzito, sehemu nne za donge la mkate, tatu za siagi na tatu za sukari. Na siagi ya Bretagne ni ya chumvi, kwa sababu jimbo hilo halikutozwa ile kodi ya chumvi ya wafalme wa Ufaransa, ambayo kwingine ilifanya chumvi iwe ghali. Unasukuma donge, unalipaka siagi na sukari, unakunja mara tatu, unasukuma tena, unakunja tena. Mikunjo mitatu ya namna hiyo inakupa matabaka 27. Kwenye oveni, maji yaliyomo ndani ya siagi, kama asilimia 16 yake, yanageuka mvuke na kuyatenganisha matabaka, huku sukari ikiyeyuka na kuwa karameli.

Hapo mafuta ya mimea yanapata taabu ya kweli. Siagi ina tabia ya kukunjika bila kuvunjika ikiwa ya baridi kiasi, halafu inayeyuka karibu na joto la mdomo. Mafuta ya nazi yakiwa baridi yanavunjika vipande na kutoboa donge. Yakifika nyuzi 24 hivi yameshakuwa maji. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye 34, karibu na siagi, lakini peke yake ni magumu kama mshumaa. Ndiyo sababu anayachanganya na ya shea, kisha anayapiga na tui ili yashike maji, maana bila maji hakuna mvuke. Akaniambia ilimchukua majaribio ya mwaka mzima na zaidi. Nilimwamini, mikono yake ilikuwa na makovu ya sinia mpaka kwenye kiwiko.

Nikaiuma. Ganda la juu lilivunjika kama kioo chembamba, karameli ikanata kwenye meno, chumvi ikaja nyuma yake, halafu matabaka, laini, yakiachana moja moja. Nilifumba macho. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko vitu vingi nilivyokula mwaka huo.

Lakini haikuwa amann. Siagi inapoungua kidogo, protini na sukari ya maziwa iliyomo ndani yake hutoa ile harufu ya karanga zilizokaangwa, na hapa haikuwepo. Alikuwa ametia miso kidogo, ile rojo ya Kijapani ya soya iliyochachushwa, kuikaribia, na ilisaidia, lakini kilichokuja kilikuwa harufu ya kakao, ya mbali, kama mtu anayepika chumba cha pili. Ni harufu yake yenyewe, na niliipenda. Ila Mbretoni akiuma pale, neno la pili la jina lingemkosa.

Nilimwambia hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa, kwa sababu mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake unataka kumsifu tu. Nikamwambia kuna keki ya Mallorca, kisiwa cha Hispania, iitwayo ensaïmada, ambayo jina lake limetokana na saïm, mafuta ya nguruwe kwa Kikatalani, na kwamba nikiikuta kwenye bekari kama yake nitajiuliza jambo lile lile. Nikamsimulia habari ya taralli. Nikamwambia sikuumia kwa sababu ya ladha. Niliumia kwa sababu kibao hakikunipa nafasi ya kujua. Na kwamba yuko mtu mwingine, pengine mwenye mzio wa maziwa, atakayesoma amann na kuondoka, asijue kwamba pale ndipo mahali pekee angeweza kula bila hofu.

Akasikiliza huku akikunja kitambaa cha meza mara nne, mara nane. "Kouign ni nini peke yake?" akauliza.

"Keki, mama."

"Basi."

Sikumwelewa siku ile. Nililipa, nikachukua focaccia nzima na amaretti, nikaaga.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Sinia lilikuwa pale pale, keki zake za kahawia zikingali za moto. Kibao kilikuwa kipya, kikubwa kidogo, kimeandikwa kwa mwandiko ule ule: Kouign. Mafuta ya kakao na shea, tui, chumvi. Imejifunza kwa kouign-amann ya Bretagne, ambayo ina siagi. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameongeza: ina soya.

Nikachukua mbili.